Kufunga au kutofunga Ramadhani ukiwa mjamzito: mwongozo kamili kwa akina mama wa Moshi na Arusha

Ramadhani ya miaka hii inaangukia kiangazi. Ya mwaka 2027 inatarajiwa kuanza kwenye wiki ya pili ya Februari, na ya 2028 mwishoni mwa Januari, miezi ambayo Moshi mjini panachemka na masika bado. Mchana wetu haupishani sana mwaka mzima kwa sababu tuko karibu na ikweta: unaacha kula kama saa kumi na moja na dakika ishirini alfajiri, unafuturu saa moja kasoro jioni. Ni saa 13 na nusu hivi bila tone la maji, na tumboni kuna mtu wa pili.

Mimi ni mkunga na ni Muislamu, na kila Shaabani, mwezi wa kabla ya Ramadhani, naulizwa swali lile lile: nifunge au nisifunge? Jibu langu ni kwamba usiuamue mwezi mzima kwa mkupuo. Kuna wanaotakiwa kuacha kabisa, hao nitawataja. Waliobaki waamue usiku kwa usiku. Katika madhehebu ya Imam Shafi, ambayo wengi wetu hapa tunayafuata, nia ya swaumu ya faradhi hulazwa kila usiku. Basi kila usiku una nafasi ya kujikagua kabla ya kuilaza.

Hatua ya 1: Ielewe ruhusa yenyewe

Surat Al-Baqara, aya ya 184 na ya 185, imempa mgonjwa na msafiri haki ya kula na kulipa siku nyingine, na hiyo ya 185 inaongeza kwamba Mwenyezi Mungu anatutakia yaliyo mepesi wala hatutakii yaliyo mazito. Mjamzito na mwenye kunyonyesha wametajwa waziwazi katika hadithi ya Anas bin Malik al-Ka'bi (si yule Anas aliyekuwa mtumishi wa Mtume, s.a.w., ni mwingine), iliyopokewa na Abu Dawud, Tirmidhi, Nasai na Ibn Majah: msafiri amepunguziwa nusu ya swala, na yeye pamoja na mjamzito na mnyonyeshaji wameondolewa ulazima wa kufunga.

Ruhusa hii ina sharti, nalo ni khofu: khofu juu ya nafsi yako, juu ya mtoto, au juu ya wote wawili. Mimba peke yake, ikiwa mwili hauna shida na huogopi lolote, haikuondolei faradhi kwa msimamo wa Shafi. Upande wa pili, ukijua kwamba kufunga kutakuletea madhara makubwa, kula kunakuwa wajibu. Ukifika hapo, kuvumilia si ibada tena.

Khofu inajulikanaje? Kwa uzoefu wako wa mimba zilizopita, kwa dalili unazoziona mwilini leo, au kwa kauli ya mtaalamu wa afya. Hapa kwetu wengi hutibiwa KCMC na hospitali nyingine za makanisa, na nimeulizwa mara nyingi kama neno la daktari Mkristo linatosha. Wanazuoni wengi wa zama hizi hutazama ujuzi na uaminifu wake. Moyo ukisita, mpelekee sheikh wa msikiti wako maelezo ya daktari, akusikilize na vipimo vikiwa mkononi. Ukimwendea na "najisikia vibaya" tu, naye atakujibu kwa ujumla tu.

Hatua ya 2: Nenda kliniki Shaabani, mwezi haujaandama

Kama tarehe yako ya kurudi kliniki inaangukia katikati ya Ramadhani, omba isogezwe mbele. Fika na kadi yako, na baada ya vipimo mwambie muuguzi maneno haya: "Sista, Ramadhani inakaribia na natamani kufunga. Kwa vipimo hivi na kazi ninayofanya, kuna kitu kinachonizuia?" Taja kazi. Sisi wauguzi tusipoambiwa tunadhani unashinda nyumbani umekaa.

Cha kwanza kukiangalia ni wingi wa damu (hemoglobini, kwa gramu kwa desilita). Kwa mjamzito, 11 kwenda juu ni sawa. Chini ya 11 ni upungufu wa damu, na chini ya 7 ni upungufu mkali ambao ni habari ya hospitali moja kwa moja. Mwenye 10 na mwenye 8 wote wana upungufu, lakini hawafanani. Wa 10 anaweza kupewa wiki kadhaa za vidonge na chakula, apimwe tena, ndipo aamue. Wa 8 namwambia aache kufunga hadi damu ipande.

Cha pili ni presha. Ikisoma 140 kwa 90 au zaidi, suala la swaumu linasimama hadi daktari aseme. Kipimo cha mkojo kinaonyesha protini, ambayo pamoja na presha ya juu huashiria kifafa cha mimba, na kinaonyesha maambukizi ya njia ya mkojo ambayo huzidi mtu asipokunywa maji. Sukari nayo ipimwe kabla ya mwezi kuanza, kwa sababu kile kipimo cha kunywa maji ya glukosi huwezi kukifanya ukiwa umefunga. Sukari ya asubuhi kabla ya kula chochote ikifika 5.1 (milimoli kwa lita) mjamzito anahesabiwa kuwa na kisukari cha mimba.

Dozi ya SP ya kuzuia malaria humezwa palepale mbele ya muuguzi, na kati ya dozi na dozi lazima upite mwezi mmoja. Ukiimeza mwishoni mwa Shaabani, inayofuata itakuja Ramadhani imekwisha au inakwisha. Kutolewa damu ya vipimo hakubatilishi swaumu, wala utrasaundi ya juu ya tumbo. Kupimwa kwa ndani ni jambo jingine: kwa fikihi ya Shafi, kinachoingizwa ukeni hubatilisha. Kama hakuna dharura, omba kifanyike siku usiyofunga. Kama kuna dharura, pimwa, na siku hiyo utailipa baadaye.

Vidonge vya kuongeza damu vihamishie usiku, na usivimeze na chai. Chai huzuia madini ya chuma kuingia mwilini, na futari zetu bila chai ya tangawizi hazikamiliki, kwa hiyo meza kidonge wakati wa kulala, ukiwa umepita muda wa saa mbili tangu unywe chai, kwa maji au juisi ya machungwa. Dawa za kila siku, ziwe za virusi vya Ukimwi, presha, kifafa au pumu, usizisogeze kwa uamuzi wako. Muulize anayekupa dawa kama saa zake zinaweza kuhamia usiku. Akisema hapana, umepata jibu la swaumu pia.

Hatua ya 3: Angalia kama uko kwenye kundi la kutofunga kabisa

Hawa siwapi hesabu ya usiku kwa usiku. Wasifunge, walipe wakipona au wakijifungua:

- mwenye kisukari, hasa anayechoma insulini;
- mwenye presha ya mimba au aliyewahi kupata kifafa cha mimba;
- anayetapika kupita kiasi, kile cha kutobakiza hata maji;
- mwenye mapacha;
- aliyewahi kujifungua mtoto njiti, au ambaye mtoto wa sasa ameonekana haongezeki vizuri tumboni;
- mwenye ugonjwa wa moyo au figo, au wa selimundu;
- mwenye homa, malaria, au kuharisha, mpaka apone na arudishe nguvu;
- anayetokwa damu ukeni, hata kidogo.

Hatua ya 4: Pima umri wa mimba, kazi yako na joto la unakoishi

Miezi mitatu ya kwanza ni ya kichefuchefu na usingizi. Wengi hawawezi, na hata wanaoweza siwahimizi, kwa sababu mwanamke anayetapika mchana na asiyekunywa mchana hukauka haraka. Ya katikati ndiyo afadhali: tumbo limetulia, hamu ya kula imerudi. Kuanzia wiki ya 28 mtoto anaongezeka uzito kwa kasi, wewe unachoka upesi na kiungulia hakikuachi, kwa hiyo siku za kufunga zipungue.

Kitabibu, tunachojua ni hiki. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2018 ulikusanya tafiti 22 zenye mimba zaidi ya 31,000, na kwa wastani uzito wa watoto wa waliofunga haukuwa pungufu kuliko wa wasiofunga. Hiyo inawapa moyo wenye afya njema. Lakini mwaka 2011 watafiti Almond na Mazumder walitazama sensa za Uganda na Iraq, wakaona kwamba Waislamu ambao Ramadhani iliwakuta tumboni, hasa mwanzoni mwa mimba, walikuwa na ulemavu ukubwani zaidi ya wenzao. Hawakujua ni mama yupi alifunga na yupi hakufunga. Walihesabu kwa miezi ya kuzaliwa. Mimi nazisoma zote mbili hivi: mwenye afya asiogope kupita kiasi, na mwenye mimba changa asijilazimishe.

Kazi nayo ina neno. Moshi mjini pako mita 800 na ushee juu ya bahari, Arusha mita 1,400 hivi, na tofauti hiyo unaisikia kooni. Mwalimu anayekaa ofisini Arusha, au mama wa Machame juu kwenye migomba, si sawa na anayesimama na ndizi sokoni Mbuyuni tangu asubuhi, wala anayefanya kibarua bondeni kule TPC, kwenye mashamba ya miwa, Februari saa saba mchana. Mama wa Mbuyuni mwenye damu nzuri anaweza kufunga siku asizopanga biashara na kula siku za gulio. Kama huwezi kupunguza jua, kunyanyua vitu vizito na mwendo wa miguu, huo nao ni ushahidi wa khofu, na mwambie sheikh hivyo hivyo.

Hatua ya 5: Jaribu siku moja mapema

Kama vipimo ni vizuri, funga Jumatatu au Alhamisi moja ya sunna ukiwa kwenye kazi zako za kawaida. Zingatia kwamba kwa Shafi swaumu ya sunna haifungwi baada ya nusu ya Shaabani, ila kwa mwenye mazoea nayo au aliyeiunganisha na siku za kabla. Wenye deni la zamani wao wanalipa hata baada ya hapo, na siku ya deni inatosha kuwa jaribio.

Siku hiyo jiangalie alasiri. Mkojo ukiwa wa manjano hafifu ni heri. Ukiwa rangi ya chai ya rangi, au hukwenda haja ndogo tangu adhuhuri, umekauka. Mtoto amecheza kama kawaida yake? (Wengi huanza kumsikia kati ya wiki ya 16 na ya 24.) Ulipoinuka macho yaliingia giza? Asubuhi ya pili uliamka na nguvu au na kichwa kinagonga? Andika majibu nyuma ya daftari, kwa sababu Ramadhani ikifika hamu ya kufunga na wenzako itakusahaulisha.

Hatua ya 6: Panga usiku wako, kwani ndiyo mchana wako wa kula

Una saa kumi na nusu hivi za kula na kunywa, na ndani yake ulale. Ninachoona mara nyingi ni mtu kubugia futari, kulala bila maji, kisha kuamka daku kwa shida na kunywa chai kikombe kimoja. Huyo kesho yake saa nane ameanguka.

Futuru kwa tende na maji, kisha mtori. Sisemi mtori kwa sababu ni chakula cha nyumbani tu: ndizi zilizopondwa, nyama laini na supu yake vinarudisha maji, chumvi na nguvu kwa pamoja, na tumbo lililolala mchana kutwa linaupokea vizuri. Usipoupata, uji wa ulezi. Swali magharibi, ndipo urudi kwenye magimbi, viazi vitamu, maharage, samaki au dagaa, na mboga za majani. Mnafu na mchicha vina kazi kubwa kwenye damu. Sambusa, katlesi na kaimati zionje tu. Mafuta mengi na tumbo lililobanwa na mtoto huleta kiungulia cha usiku kucha.

Maji yafike glasi nane hadi kumi kati ya futari na daku, kidogo kidogo: mbili wakati wa kufuturu, moja kila saa hadi ulale, moja ukiamka kukojoa (na mjamzito ataamka), mbili au tatu wakati wa daku. Soda hazihesabiwi. Tarawehe ni sunna. Swali umekaa, swali rakaa chache nyumbani, au lala. Usingizi unakusaidia zaidi kesho.

Daku isiachwe hata siku moja, na icheleweshwe hadi karibu na adhana kama ilivyo sunna. Kula kinachokaa: uji mzito wa ulezi wenye maziwa, yai, maharage ya jana na ndizi za kuchemsha, parachichi. Ukiwa unaumwa usingizi hata huwezi kuamka daku, chukua hiyo kuwa ishara ya kutofunga kesho.

Kabla hujalaza nia, jiulize: nimekunywa? mkojo wangu vipi? mtoto amecheza leo? kesho nina kazi gani, na kwenye jua kiasi gani? Majibu yakiwa mazuri, nuia. Yakiwa na walakini, kunywa maji, lala, na kesho kula chai yako kwa amani.

Hatua ya 7: Jua lini unafungua hapo hapo

Ukishanuia na mchana ukabadilika, ruhusa bado ipo. Fungua kwa maji na kitu chenye sukari, tende au juisi, kisha chakula, ukiona kizunguzungu kisichoisha ukikaa, kutetemeka na jasho la baridi, kutapika, kichwa kuuma sana, mkojo kukauka, au tumbo kukaza na kuachia.

Baadhi ya dalili hazisubiri upumzike uone. Mtoto kupunguza kucheza au kunyamaza, damu au maji kutoka ukeni, uchungu kabla ya wiki ya 37, kuona maruweruwe na kuvimba uso na mikono, homa, kuzimia: fungua na uende hospitali muda huo huo, iwe saa sita mchana au saa tisa usiku. Moshi kuna Mawenzi na KCMC, Arusha kuna Mount Meru. Namba ya dereva wa bajaji unayemwamini iwe kwenye simu yako na ya mumeo tangu Shaabani. Usisubiri magharibi. Nimepokea mama aliyekaa na tumbo lililonyamaza tangu adhuhuri kwa sababu "zilibaki saa chache nifuturu". Mtoto aliyepunguza kucheza anatakiwa kusikilizwa mapigo ya moyo, na saa chache hizo ni nyingi mno kwake.

Hatua ya 8: Zungumza na watu wa nyumbani kabla hawajazungumza wao

Wanawake wengi hawafungi kwa fikihi wala kwa afya. Wanafunga kwa kumwogopa mama mkwe. Nyumba ina watu wanane, wote wamefunga, wewe unapika futari tangu saa tisa na koo limekauka. Ni nani ataomba maji? Ndiyo maana mwenye kulifungua neno awe mume, na alifungue mapema: "Mama, tumetoka kliniki, damu ya mkweo huyu ni ndogo, wamesema asifunge mpaka ipande." Mama mkwe akisikia habari kutoka kwa mwanawe, na akatajiwa kipimo, mara nyingi yeye ndiye atakayekuwa wa kwanza kukuletea uji. Akibaki na shaka, mwambie kwa adabu, "Mama, twende wote kwa sheikh." Wengi hawafiki huko.

Mume naye achukue ndoo za maji, na kukaanga kwenye joto la jiko kugawanywe. Kula mbele ya waliofunga si lazima. Sitara ni adabu njema, ila sitara isiwe njaa.

Hatua ya 9: Panga kulipa

Hapa ndipo wengi hujilazimisha kufunga, kwa kuogopa deni. Mwaka huu mimba, mwakani kunyonyesha, siku 30 zinakuwa 60.

Kwa Shafi, ukila kwa khofu juu ya nafsi yako, au juu yako na mtoto pamoja, unalipa siku tu. Ukila kwa khofu juu ya mtoto peke yake, unalipa siku na kutoa fidia ya kibaba kimoja cha chakula cha watu wa mji kwa maskini kwa kila siku. Kibaba ni robo ya pishi, kama gramu 600 hadi 750. Siku 30 ni pishi saba na nusu, yaani kati ya kilo 18 na 22 na nusu za mchele. Kwa Hanafi ni kulipa siku tu, na imepokewa kwa Ibn Abbas na Ibn Umar kauli ya fidia peke yake. Ndugu zetu wa Kishia, Ithnaasheri na Bohora, wana hukumu zao, wawaulize wanazuoni wao. Kwa hiyo siku unapokula, andika tarehe na sababu: "mimi", "mtoto", au "wote". Bila hivyo, mwakani hutajua unadaiwa nini.

Ukijifungua ndani ya Ramadhani, siku za nifasi, yaani za damu ya uzazi, hazifungwi kwa hali yoyote. Nazo ni za kulipa bila fidia. Ukichelewesha deni hadi Ramadhani nyingine kwa sababu bado unanyonyesha na unaogopa maziwa kupungua, hiyo ni udhuru. Kuchelewesha bila udhuru ndiko kunakoongeza kibaba kwa kila siku.

Miezi mizuri ya kuanza kulipa ni Juni na Julai. Moshi kuna mawingu na baridi, jua linazama mapema kidogo, na kiu haiumi kama ya Februari. Mtoto akishaanza uji na kunyonya mara chache mchana, funga Jumatatu na Alhamisi: ni siku nane au tisa kwa mwezi, na deni la siku 30 linaisha ndani ya miezi minne bila wewe kudhoofu. Maziwa yakipungua, simamisha, nyonyesha, uanze tena wiki inayofuata. Deni la Mwenyezi Mungu halikulazimishi kulipa mfululizo.